Wino Uliogeuka Mali: Historia ya Sahihi za Watu wa Magari

1886–1906: Sahihi zisizoombwa

Sahihi za mwanzo kabisa katika historia ya magari hazikuombwa na shabiki yeyote. Ziliandikwa kazini. Karl Benz alipopeleka ombi la hataza ya gari lake la magurudumu matatu tarehe 29 Januari 1886, alikuwa fundi wa Mannheim kama mafundi wengine, na hapakuwa na mtu wa kumnyooshea daftari amwandikie jina. Kwa miaka 20 iliyofuata majina ya watu wa magari yaliingia kwenye karatasi kwa sababu za kiofisi tu: mikataba, barua kwa wauzaji wa vyuma na mipira, risiti, fomu za mashindano. Aliyetaka kushiriki safari ya Paris hadi Rouen ya Julai 1894, ambayo wengi huihesabu kuwa mashindano ya kwanza ya magari, alijiandikisha kwa gazeti lililoiandaa, Le Petit Journal. Uingereza ilipoanza kudai leseni ya udereva tarehe 1 Januari 1904, karatasi nyingine ya serikali iliongezeka kwenye makabati.

Kwa mnunuzi wa leo jambo hili lina uzito. Barua ya kikazi ya mwaka 1900 ina tarehe, ina anwani, ina shauri linalozungumzwa, na bahasha yake ina mhuri wa posta. Kila kimoja kati ya hivyo kinaweza kupimwa. Sahihi iliyokatwa kwa mkasi kutoka kwenye barua kama hiyo na kubandikwa kwenye albamu, kama walivyopenda wakusanyaji wa zamani, imepoteza mashahidi wake wote kwa mpigo mmoja. Ningekuwa na uwezo wa kufuta desturi moja katika fani hii, ningeanza na mkasi.

Wino wa zama hizo kwa kawaida ulikuwa ule uliopikwa kwa tanini ya vivimbe vya mwaloni na chumvi ya chuma. Ukiandikwa huwa hafifu, kisha ukikutana na hewa hukolea na kuwa mweusi. Miaka ikipita hugeuka kahawia, na asidi iliyomo huila karatasi taratibu, hata herufi nene zikaweza kutoboka. Mghushi wa leo anaweza kununua wino wenye rangi hiyo ya kahawia dukani, lakini ni vigumu kwake kuiga namna wino halisi ulivyozama ndani ya nyuzi za karatasi kwa miaka 100.

1906–1939: Uzio, kamera na kadi

Mambo yalibadilika dereva alipowekwa ndani ya uzio. Mbio za awali zilikatiza miji na vijiji, na mtazamaji aliona vumbi tu. Mwaka 1903 mbio za Paris hadi Madrid zilisimamishwa Bordeaux baada ya vifo kadhaa, kikiwemo cha Marcel Renault, na waandaaji wakaanza kutafuta njia za kuzunguka badala ya kwenda mbali. Grand Prix ya kwanza ilifanyika karibu na Le Mans mwaka 1906. Brooklands ilifunguliwa Uingereza 1907, na Indianapolis ikaanza mbio zake za maili 500 mwaka 1911, Ray Harroun akashinda. Sasa mtazamaji alilipa kiingilio, akanunua kitabu cha ratiba chenye picha, na dereva akawa mtu anayeweza kusogelewa kabla injini hazijawashwa. Hapo ndipo ombi la sahihi lilipozaliwa.

Picha ndizo zilizolikuza. Katika miaka ya 1930, Mercedes-Benz na Auto Union ziliposhindana kwa fedha za kampuni na za serikali ya Kinazi, madereva wao walikuwa nyota wa taifa na nyuso zao zilichapwa kwenye kadi za posta. Rudolf Caracciola na Bernd Rosemeyer walisaini kadi hizo kwa wingi. Rosemeyer alikufa tarehe 28 Januari 1938 akitafuta rekodi ya mwendo kwenye barabara kuu kati ya Frankfurt na Darmstadt, akiwa na miaka 28. Kule Italia Tazio Nuvolari, baada ya kuzawadiwa kobe mdogo wa dhahabu na mshairi Gabriele D'Annunzio mwaka 1932, alimfanya mnyama huyo kuwa nembo yake, na kobe akaonekana hata kwenye karatasi zake za barua.

Kadi hizi ndizo zilizoleta tatizo la kwanza la utambuzi, na si ughushi. Kadi nyingi zilichapwa pamoja na sahihi, yaani dereva alisaini picha moja, kiwanda kikatoa maelfu. Mtu asiyejua huamini ameshika wino kumbe ameshika chapa. Dawa yake ni kioo cha kukuzia. Chapa ya matbaa huonyesha vitone vidogo vilivyopangwa, au rangi iliyolala sawasawa bila kina. Wino wa mkono hukaa juu ya ngozi ya picha, hung'aa tofauti ukiinamishwa kwenye mwanga, na pale mstari unapokatiza mstari mwingine utaona upi ulitangulia.

10 Aprili 1934: Barua ya Clyde

Karatasi yenye ubishi kuliko zote katika fani hii huenda iko Dearborn, Michigan, kwenye makumbusho ya The Henry Ford. Ni barua iliyoandikwa kwa mkono, yenye tarehe 10 Aprili na iliyotoka Tulsa, Oklahoma. Ilipokewa ofisini kwa Henry Ford siku 3 baadaye. Mwandishi anamsifia bwana Ford kwa gari lake la V8, akieleza kwamba, ingawa kazi yake haijawa halali kabisa, hakuna gari linalolishinda. Chini yake pana jina: Clyde Champion Barrow.

Majambazi Clyde Barrow na Bonnie Parker wakati huo walikuwa wakisakwa katika majimbo kadhaa. Kwamba Clyde alizipenda Ford V8 hakuna anayebisha, aliziiba nyingi. Wiki 6 baada ya tarehe ya barua ile, tarehe 23 Mei 1934, yeye na Bonnie waliuawa kwa risasi Louisiana wakiwa ndani ya Ford V8 ya wizi.

Je, barua ni yake? Tuanze na jina. Clyde alizaliwa akaitwa Clyde Chestnut Barrow. Mtu gani hukosea jina lake mwenyewe? Lakini kumbukumbu za gereza la Texas alikofungwa zinamtaja kwa jina la Champion, kwa hiyo hoja inakata pande zote mbili: huenda yeye mwenyewe alipenda kujiita hivyo, na huenda mzushi alilitoa jina kwenye matangazo ya polisi. Ukija kwenye mwandiko, waliouweka kando ya barua za Clyde zinazojulikana wameona herufi zisizofanana. Wengine wamependekeza kwamba Bonnie ndiye aliyeshika kalamu. Karatasi na posta havina kasoro: barua ni ya 1934 kweli, ilitoka Oklahoma kweli, na haijawahi kutoka mikononi mwa waliopelekewa.

Wanunuzi wengi hawataki kulisikia hili. Historia ya umiliki ya barua hii ni safi kuliko ya karibu kila kitu kinachouzwa mnadani, na bado hatuwezi kusema nani aliiandika. Umri wa kitu na mkono wa mtu ni maswali mawili, na anayejibu la kwanza hajajibu la pili. Makumbusho imeendelea kuitunza, na nadhani ni sawa. Hata kama ni mzaha wa mtu wa Tulsa, ni ushahidi wa jinsi gari lile lilivyokuwa gumzo.

1945–1959: Biki, na msimu wa misiba

Tarehe 29 Oktoba 1945 duka la Gimbels la New York lilianza kuuza kalamu yenye kitufe kinachozunguka nchani, na umati ukafurika. László Bíró, Mhungaria, alikuwa amepata hataza ya kalamu ya aina hiyo mwaka 1938, lakini ni baada ya vita ndipo ilipofika kwa watu wa kawaida. Kwa mthibitishaji tarehe hiyo ni ukuta. Picha ya Rosemeyer yenye sahihi ya biki haihitaji mtaalamu wa mwandiko, kwa sababu aliyeisaini alikuwa kaburini kabla kalamu haijauzwa. Ukuta wa pili ni karatasi. Baada ya vita, hasa kuanzia miaka ya 1950, viwanda vilianza kutia karatasi kemikali za kuing'arisha, na karatasi hiyo huwaka buluu chini ya taa ya mionzi ya urujuanimno. Ukuta wa tatu ni picha zilizopakwa plastiki, ambazo zilienea kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960. Nuvolari, aliyefariki Agosti 1953, hakuwahi kuishika hata moja.

Kipindi hicho hicho kilikuwa na misiba ambayo imeacha kalenda ya kutisha, na kalenda hiyo imekuwa chombo cha kazi. Januari 1957 Ferrari ilipeleka Buenos Aires kundi la madereva ambamo walikuwemo Eugenio Castellotti, Alfonso de Portago, Luigi Musso, Peter Collins na Mike Hawthorn. Juan Manuel Fangio, mwenyeji wao, alishinda mbio za huko kwa Maserati. Tarehe 14 Machi Castellotti alikufa kwenye majaribio Modena. Tarehe 12 Mei Portago, mwelekezi wake na watazamaji 9 walikufa katika Mille Miglia, na mbio hizo za barabarani zikafa pamoja nao. Musso alianguka Reims Julai 1958, Collins akaanguka Nürburgring mwezi uliofuata. Hawthorn alitwaa ubingwa wa dunia mwaka huo, akastaafu, na tarehe 22 Januari 1959 akafia kwenye barabara ya kawaida ya Uingereza. Kutoka kifo cha kwanza hadi cha mwisho, miaka 2 haikutimia.

Kwa hiyo kitabu cha ratiba cha Buenos Aires cha Januari 1957 chenye sahihi za hao watano ni jambo linalowezekana. Kitabu cha Monaco cha tarehe 19 Mei mwaka huo huo, chenye majina hayo hayo, hakiwezekani, maana wawili walikuwa wameshazikwa. Waghushi wengi huwa hodari wa herufi na wazembe wa tarehe.

Fangio mwenyewe aliishi hadi Julai 1995, mpole, mwenye subira na waombaji, na ndiyo maana bingwa huyu mara 5 ana sahihi nyingi sokoni huku Portago akiwa nazo chache. Wepesi wa kupata sahihi hautokani na ukubwa wa mtu. Unatokana na urefu wa maisha yake na hali ya moyo wake anapoombwa.

1947–1988: Urujuani wa Maranello

Enzo Ferrari alizaliwa Modena 1898 na gari la kwanza lenye jina lake lilitoka mwaka 1947. Kwa miaka mingi aliandika na kusaini kwa wino wa urujuani, na rangi hiyo imekuwa nusu ya sahihi yake. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba ilimkumbusha baba yake, Alfredo, mwenye karakana ya vyuma, ambaye nakala za barua zake zilikuwa na rangi hiyo. Zamani barua iliandikwa kwa wino au penseli maalumu ya kunakilia, kisha ikagandamizwa kwenye karatasi nyepesi yenye unyevu ili wino uhamie na kuacha nakala. Urujuani ulikuwa rangi ya watu wenye ofisi.

Enzo hakuwa mtu wa kusafiri. Hasa baada ya kumpoteza mwanawe Dino mwaka 1956, alijifungia kati ya Modena na Maranello, akipokea wageni kwa miadi na kutuma barua. Vitabu vyake, kikiwemo Le mie gioie terribili cha mwaka 1962, aliwasainia wageni na marafiki. Mthibitishaji anapoletewa kitabu chenye maneno ya kumtunukia mtu aliyetajwa kwa jina, pamoja na tarehe, hupumua. Akiletewa kitabu cha ratiba cha mbio za ng'ambo ambacho Enzo eti alikisaini uwanjani, huuliza maswali mengi.

Mzee alifariki tarehe 14 Agosti 1988 akiwa na miaka 90. Soko la magari ya Ferrari lilikuwa limeshapanda, na kifo chake kikaliwasha zaidi. Bei ya wino wake ikafuata ya magari. Tangu hapo kila mwenye chupa ya wino wa urujuani amejiona ana mtaji.

Yapo na matatizo ya wino wenyewe. Rangi za aina hii ni watoto wa ugunduzi wa William Henry Perkin, kijana wa London ambaye mwaka 1856 alipata rangi ya zambarau kutoka kwenye lami ya makaa ya mawe. Ni rangi nzuri na nyepesi kufa. Jua huzipausha, na zile zilizotengenezwa kwa ajili ya kunakilia huyeyuka kwa maji kwa sababu ndivyo zilivyokusudiwa. Mtu anayeitundika sahihi ya namna hii sebuleni, mkabala na dirisha, anaitumia hadi iishe. Na mthibitishaji naye asishangae akiona urujuani uliopauka. Unaopaswa kumshtua ni ule unaong'aa kama wa jana kwenye barua inayodaiwa kuning'inia ukutani miaka 40.

1953–2002: Vumbi la Safari

Huku kwetu historia ilipita njia nyingine. Mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, yalianzishwa mashindano ya Coronation Safari yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1960 yakaitwa East African Safari, na kwa miaka mingi yalikuwa ndiyo Pasaka ya wapenda magari. Washindi wa mwanzo hawakuwa nyota wa mbali. Walikuwa wakulima, wenye gereji na wauza magari. Ukitaka sahihi ya bingwa ulipeleka gari lako kwake kubadilishiwa mafuta.

Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho na fundi wa Nairobi, alishinda 1965 akiwa na ndugu yake Jaswant katika Volvo PV544, kisha 1974 na 1976 kwa Mitsubishi. Shekhar Mehta, Mganda aliyehamia Kenya, alishinda mara 5: 1973, halafu 1979 hadi 1982 mfululizo. Ushindi wake wa kwanza alilingana pointi na Harry Källström wa Sweden. Mshindi kutoka ng'ambo hakupatikana hadi 1972, Hannu Mikkola alipofika na Ford Escort. Safari ilipoingia kwenye ubingwa wa dunia mwaka 1973, ilileta kila mwaka kina Björn Waldegård na Juha Kankkunen, na baadaye Colin McRae, aliyeshinda mara 3.

Mwaka 1963 na tena 1968 mvua na matope viliacha magari 7 tu yakifika mwisho, na kwa ajabu Nick Nowicki ndiye aliyeshinda mara zote mbili kwa Peugeot 404. Mkusanyaji anayejiheshimu angetafuta sahihi za madereva wale 7 wa kila mwaka kabla hajagusa ya bingwa wa dunia Ayrton Senna. Nasema hivyo kwa upendeleo kamili wa mtu wa huku. Lakini hoja ipo: sahihi za Safari hazijavutia waghushi kwa kuwa bei yake haijawalipa, na karatasi zenyewe ni tajiri wa ushahidi. Kadi za muda ziligongwa mihuri kwenye vituo na kuandikwa saa na dakika. Vitabu vya njia vina tope, mistari ya penseli ya mwelekezi, na hesabu za kilomita. Mghushi angetakiwa kughushi barabara nzima.

Hasara yetu imekuwa upande wa kutunza. Joginder alifariki London mwaka 2013, Mehta 2006, na makaratasi ya watu wa kizazi chao yametawanyika kwenye nyumba za watoto na wajukuu katika mabara matatu, mengi bila maelezo yoyote nyuma.

1968–1994: Wadhamini na kifo cha Imola

Mwaka 1968 Lotus ilipakwa rangi za sigara za Gold Leaf, na zama za wadhamini zikaanza kwenye Grand Prix za Ulaya. Mdhamini anataka jina lake lifike nyumbani kwa shabiki, kwa hiyo akachapisha kadi za bure zenye picha ya dereva na nembo, na dereva akawekwa mezani azisaini mia kwa mia. Kalamu za maka zenye ncha nene, zilizoenea kuanzia miaka ya 1960, ziliwezesha kusaini kofia, boneti, glavu, chochote. Sahihi zikawa fupi. Linganisha mwandiko wa Jim Clark, mkulima wa Scotland aliyekufa Hockenheim Aprili 1968, ambaye jina lake husomeka herufi kwa herufi, na mikwaruzo ya madereva wa miaka 20 baadaye. Jina refu lenye herufi 10 zilizo wazi lina alama nyingi za kulinganishwa. Mkwaruzo wenye kona mbili ni zawadi kwa mghushi.

Tarehe 1 Mei 1994, siku moja baada ya kifo cha Roland Ratzenberger katika uwanja ule ule wa Imola, Ayrton Senna alikufa. Alikuwa bingwa mara 3 na mwenye miaka 34. Mahitaji ya sahihi zake yalilipuka papo hapo, ilhali idadi yake ilikuwa imeshafungwa. Pengo hilo lilijazwa na watu ambao hawakuwahi kukutana naye. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza; katika soko la Senna kibaya kimejiuza vizuri sana, kikiwa ndani ya fremu yenye taa.

1983–2017: Cheti nacho hughushiwa

Masomo makubwa mawili ya uthibitisho yalitoka nje ya magari. Aprili 1983 jarida la Stern la Ujerumani lilitangaza shajara za Hitler. Wataalamu wa mwandiko walikuwa wamezipitisha, kwa sababu baadhi ya karatasi walizopewa za kulinganishia zilikuwa zimeghushiwa na mtu yule yule aliyeghushi shajara, Konrad Kujau. Kilichomwangusha ni maabara ya serikali: karatasi ilikuwa na ile kemikali ya kung'arisha iliyokuja baada ya vita. Tangu hapo swali la kwanza la mthibitishaji makini limekuwa kuhusu sahihi za kulinganishia: zimetoka wapi? Ndiyo maana mikataba na barua zilizoko kwenye nyumba za kumbukumbu, kama makumbusho ya Fangio kule Balcarce au ile ya Jim Clark mjini Duns, ni muhimu kuliko picha 1,000 za mtandaoni.

Somo la pili lilitoka Kalifonia. Katika miaka ya 1990 shirika la FBI liliendesha operesheni ya Bullpen dhidi ya mtandao wa waghushi wa sahihi za michezo, na ikakadiria kwamba zaidi ya nusu ya sahihi zilizokuwa zikiuzwa ni bandia. Miongoni mwa vitu vilivyokamatwa ulikuwemo mpira wa besiboli wenye sahihi ya Mama Teresa. Mtandao huo haukuuza bidhaa tupu; uliziambatanisha na vyeti vya uthibitisho. Cheti kilichotolewa na anayefaidika na mauzo ni tangazo la biashara lenye mhuri.

Mwaka 2017 sheria mpya ya Kalifonia, iliyopiganiwa na mwigizaji Mark Hamill aliyechoka kuona jina lake likighushiwa, iliwalazimisha wauzaji kutoa vyeti na kutunza kumbukumbu. Wauza vitabu walilalamika kwamba inawabana hata kwa kitabu kilichosainiwa na mwandishi dukani kwao, ikarekebishwa mwaka huo huo.

Kinachobaki ni kazi ya macho na subira. Mkono unaoghushi huenda polepole, kwa hiyo mstari hutetemeka, kalamu huinuliwa mahali ambapo mwenyewe asingeinua, na miisho huwa butu badala ya kuchongoka. Sahihi mbili zinazolaliana sawasawa bila tofauti hata ya unywele ni kazi ya mashine au ya kunakili, kwa kuwa hakuna binadamu anayesaini mara mbili kwa namna moja.

Unyevu, mwanga na selotepu

Uthibitisho ukikamilika, adui hubadilika. Makumbusho huonyesha karatasi zenye wino dhaifu kwenye mwanga usiozidi lux 50, tena kwa miezi michache, kisha huzirudisha gizani. Unyevu unaofaa ni kama asilimia 35 hadi 50. Mombasa, Tanga na Unguja mara nyingi hupita 70, kiwango ambacho ukungu huota bila kualikwa, na nyuma yake huja wadudu wa karatasi. Nairobi ina hewa bora lakini jua lake ni kali.

Laminesheni ndiyo adui mkubwa kuliko wote hapa kwetu. Kila steshenari hulaminisha, na mtu huamini amelinda. Kumbe joto na gundi vimeifunga karatasi milele na hakuna atakayeweza kuupima wino tena. Selotepu huacha doa la kahawia lisilotoka. Mifuko laini ya plastiki ya PVC hutoa asidi na kunata kwenye picha. Wahifadhi hutumia bahasha za poliesta na makasha ya karatasi isiyo na asidi, wakiyaweka mbali na sakafu na mbali na ukuta wa nje. Ukutani hutundikwa nakala. Sahihi ya maka kwenye kofia haiguswi kwa kitambaa chenye dawa, kwani huondoka pamoja na vumbi.

Tangu 2021

Safari, iliyokuwa imetoka kwenye ubingwa wa dunia baada ya 2002, ilirudi humo mwaka 2021, kitovu chake kikiwa Naivasha. Vijana wengi wanaomsogelea dereva sasa huomba picha ya simu badala ya sahihi, na kadi za wadhamini hugawiwa zikiwa zimeshasainiwa. Kwa hiyo karatasi za mkono za kizazi cha 1953 hadi 2002 zinazidi kuwa adimu bila mtu kufanya lolote.

Familia yenye kitabu cha Safari ya 1965 kabatini haihitaji mtaalamu wa London ili kuanza. Inahitaji penseli laini, si kalamu, na karatasi tofauti: nani alikuwa anamiliki, alikutana wapi na dereva, mwaka gani, nani mwingine alikuwepo. Picha yoyote inayomwonyesha babu amesimama kando ya gari siku hiyo iwekwe pamoja nacho kwenye kasha moja. Mwenye habari hizo akiwa bado hai, arekodiwe sauti akisimulia, tarehe ikitajwa mwanzoni mwa rekodi. Kitabu chenyewe kisikatwe ukurasa, hata kama sahihi iko kwenye ukurasa mmoja tu na fremu iliyopo ni ndogo.